£90 ya Boston si £90 ya New York: namna ya kusoma fedha katika barua za Marekani ya kale

Swali: Ninaandika tasnifu kuhusu biashara katika makoloni ya Uingereza kule Amerika Kaskazini. Ninatumia barua na madaftari ya wafanyabiashara wa Boston, Philadelphia na New York, kuanzia miaka ya 1740 hadi 1785. Karibu zote zinataja pauni, lakini nikizijumlisha hesabu hazikubaliani. Bei za Boston za 1748 zinaonekana kubwa ajabu, na za London ndogo mno. Baadaye dola zinaingia, na hapo ndipo ninapopotea kabisa. Nitumie kiwango gani kuzigeuza, na nitajuaje ni sawa na dola ngapi za leo?

Jibu: Hesabu zako zinagoma kwa sababu umejumlisha fedha za nchi tofauti zenye jina moja. Kila koloni lilikuwa na pauni yake. Mgawanyo ulikuwa uleule, peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, lakini thamani ilikuwa mbali. Kwa hiyo usianze na kiwango. Anza kwa kuuliza barua iliandikwa wapi, lini, na huyu mwandishi alikuwa akihesabu kwa pauni ya nani.

Pauni hizo zilikuwa kipimo cha kuandikia hesabu. Sarafu ya fedha iliyopita mikononi zaidi ilikuwa reale ya Hispania, iliyofuliwa Mexico, Potosí na kwingineko, ambayo Waingereza waliiita dola. Kule London reale moja ilithaminiwa shilingi 4 na peni 6. Makoloni yaliitaja reale hiyohiyo kwa shilingi nyingi zaidi, kila moja likitumaini kuivuta fedha ije kwake. Mwaka 1704 Malkia Anne wa Uingereza alitangaza kwamba isizidi shilingi 6, na mwaka 1708 Bunge la Uingereza likalifanya jambo hilo kuwa sheria, lakini wengi hawakutii. Katika miaka ya mwisho kabla ya vita vya uhuru, desturi ilikuwa imetulia hivi: shilingi 6 New England (yaani Massachusetts, ambako ndiko Boston, na majirani zake) na Virginia, shilingi 7 na peni 6 Pennsylvania na New Jersey, shilingi 8 New York.

Sasa chukua £90, yaani shilingi 1,800. Kwa fedha ya London ni reale 400. Kwa fedha halali ya Massachusetts ni reale 300. Philadelphia ni 240, na New York 225. Ni tarakimu ileile, na huenda hata mwandiko ni wa karani mmoja. Nakushauri ugeuze kila kitu kwanza kiwe reale, kisha ndipo ulinganishe mji na mji. Faida yake ni kwamba utakuwa na kipimo ambacho watu wa wakati ule wenyewe walikishika mkononi. Reale hiyo ilifika hadi Unguja, ambako ilitumika pamoja na ile ya Maria Theresa. Ukija kusoma barua za Richard Waters wa Salem, aliyekuwa konseli wa kwanza wa Marekani Unguja kuanzia 1837, utaona bei za pembe na sandarusi zikitajwa kwa dola, na utakachohitaji kujua ni kwamba frasila moja ilikaribia ratili 35.

Nitajuaje ni pauni ya nani? Tazama vifupisho vinavyofuata tarakimu. "Stg" ni fedha ya London. "Cy" au "Curr" ni fedha ya koloni la mwandishi. "Proc" ni ile ya tangazo la 1704. "L.M." ni fedha halali ya New England, na "O.T." ni noti zake za zamani. Pasipo kifupisho, muktadha ndio unaoamua. George Washington, kwa mfano, alipopeleka tumbaku kwa Robert Cary & Co. huko London, hesabu zake na kampuni hiyo zilikuwa kwa fedha ya London, kwa kuwa mauzo yalifanyika kule. Alipofanya biashara na jirani, alihesabu kwa fedha ya Virginia. Ni mtu mmoja, mwenye pauni mbili.

Hiyo "O.T." ndiyo iliyokuharibia Boston yako ya 1748. Massachusetts ilianza kuchapisha noti mwaka 1690, ili kuwalipa askari waliorudi mikono mitupu kutoka Quebec. Kila vita vilivyofuata vilileta noti zaidi, na thamani ikazidi kushuka. Walioumia zaidi walikuwa wajane, wachungaji na wengine waliolipwa kiasi kilichopangwa miaka mingi nyuma. Mwaka 1745 askari wa New England waliiteka Louisbourg, ngome ya Wafaransa huko Kanada, na Bunge la Uingereza likakubali kurudisha gharama, zaidi ya £183,000 za London. Thomas Hutchinson, aliyekuwa Spika wa bunge la koloni, alishinikiza fedha hiyo itumike kuzifuta noti zote. Makasha ya reale na mapipa ya sarafu za shaba yaliwasili Boston Septemba 1749, na kuanzia 1750 noti za zamani zikabadilishwa kwa shilingi 45 kwa reale moja. Hutchinson alilipia msimamo huo kwa kupoteza kiti chake katika uchaguzi wa 1749.

Shilingi 45 ni mara kumi ya thamani ya reale kule London. £90 za "O.T." basi ni reale 40 tu. Na hicho ni kiwango cha sheria. Sokoni kiliyumba, kwa hiyo kwa barua za kabla ya 1750 kichukue kama makadirio. Hapo angalia na tarehe. Hadi 1752 Waingereza walianza mwaka mpya Machi 25, ndiyo maana utakuta "Februari 1748/9". Kwa hesabu yetu huo ni Februari 1749. Ukiisogeza barua kwa mwaka mzima katika kipindi kile, umeibadilishia fedha.

Katika barua zako kutakuwa pia na hawala: hati ya mfanyabiashara wa Philadelphia, tuseme, inayomwamuru mwenzake wa London amlipe fulani £100 siku 60 baada ya kuiona. Ukikuta "exch. 170", maana yake £100 za London ziliuzwa kwa £170 za Pennsylvania. Ukilinganisha reale kwa reale, ilipaswa kuwa karibu 166 na theluthi mbili. Tofauti inatokana na soko. Aliyetaka kulipa London angeweza kusafirisha fedha yenyewe, lakini angelipa nauli na bima, hivyo alikuwa tayari kuongeza kidogo apate karatasi. Hawala zilipokuwa nyingi sokoni, bei ilishuka. Jambo moja lichunge sana. Hawala iliandikwa nakala tatu au nne, ya kwanza, ya pili na kuendelea, na kila moja ikapanda meli tofauti ili moja ikizama nyingine ifike. Nakala ikishalipwa, zilizobaki hazina thamani. Kama nyaraka zimekupa zote, hilo ni deni moja.

Hata ukishaijua pauni, uliza malipo yalifanyika kwa kitu gani. Sarah Kemble Knight, mwanamke wa Boston aliyesafiri kwa farasi hadi New Haven na New York kuanzia Oktoba 1704, aliandika katika kumbukumbu zake jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko majedwali mengi. Anasema mfanyabiashara wa Connecticut alimuuliza mteja kwanza atalipaje, ndipo akataja bei. Kisu cha peni 6 kilikuwa peni 12 kwa anayelipa kwa mazao, peni 8 kwa mazao yaliyohesabiwa kwa bei pungufu, na peni 6 kwa sarafu mkononi. Kisu ni hichohicho. Ukikuta bei ya juu katika daftari la duka la kijijini, usikimbilie kuandika kwamba bidhaa iliadimika. Huenda mnunuzi alilipa kwa mahindi.

Tuje kwenye dola. Kuanzia 1775 Bunge la Makoloni yaliyoasi (Continental Congress) lilitoa noti zilizoahidi dola za Hispania, yaani zilezile reale, lakini hakukuwa na fedha nyuma yake. Machi 1780 Bunge lenyewe lilikubali kwamba dola 40 za noti ni sawa na moja ya fedha. Sokoni hali ilikuwa mbaya zaidi, na tunalijua hilo kwa sababu watu waliandikiana. Oktoba 1780 Abigail Adams, aliyekuwa akiendesha shamba na kuuza bidhaa ndogondogo ambazo mumewe John alimtumia kutoka Ulaya, alimwandikia bei za kwao: nyama ya ng'ombe dola 8 kwa ratili, siagi dola 12. Katika barua hiyohiyo alitaja kwamba fedha taslimu inabadilishwa kwa 70 hadi 75. Kwa hiyo siagi ile ilikuwa karibu moja ya sita ya dola ya fedha. Ungetumia 40 ya Bunge ungeifanya ghali karibu mara mbili. Kiwango anachokitaja mwandishi mwenyewe kitangulize mbele ya kile cha sheria, daima.

Kuhusu dola za leo, nakusihi usizitumie katika tasnifu. Hakuna kigawanyo kimoja cha haki kati ya jamii ambayo kibarua alilipwa sehemu kwa chakula na malazi, na yetu. Badala yake pima fedha kwa vitu vya wakati ule. Mfano mzuri uko Virginia, ambako mchungaji wa Kanisa la Uingereza alistahili ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Mwaka 1758 mavuno yalikuwa haba, bei ikapanda hadi karibu peni 6 kwa ratili, na bunge la koloni likaruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa peni 2 tu. Piga hesabu: mshahara uliokuwa wa £400 ukawa £133, shilingi 6 na peni 8. Ukiwasomea wasomaji wako hivyo, wataelewa kwa nini wachungaji walikwenda mahakamani, na kwa nini wakili kijana Patrick Henry alijipatia jina mwaka 1763 alipowapinga.

Katika jedwali lako weka safu za mahali, tarehe, tarakimu kama ilivyoandikwa, aina ya fedha, njia ya malipo, kiwango, na ulikokitoa kiwango hicho. Safu ya reale iwe ya mwisho, na pale usipopata kiwango cha kuaminika, iache wazi.