Mawe ya Watamu yamechongwa na nani?

SWALI: Habari mhariri, mimi ni msomaji wa Malindi. Mawe ya ufukweni Watamu yameliwa chini yamebaki kama uyoga, juu ni makali balaa, na mengine yana michoro ya nyota ndogondogo. Ni watu walichonga?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hakuna fundi hapo. Hayo mawe yalikuwa matumbawe hai, miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa mwamba. Zile nyota ndio vijumba vyenyewe, kila kimoja kilikaa kamdudu kamoja ka tumbawe, angalia kwa karibu utaona kuta zake nyembamba zinatoka katikati, yaani inapendeza sana! Kule chini panaliwa kwa sababu maji yanajaa na kupwa palepale kila siku, halafu kuna konokono wadogo wanakwangua mwamba wakitafuta mwani wa kula, na kome wanaotoboa mawe kabisa. Huku juu ni chumvi na mvua vinayeyusha chokaa kidogokidogo. Ukienda vaa viatu, na tafadhali usibandue kitu.