Unataka kupandisha mmea kwenye pagola hapa Dodoma? Anza na miezi

Wadau, watu wanaojenga huku Nala, Ihumwa na Nkuhungu wananiuliza sana, pagola (ile fremu ya nguzo na mbao au paipu juu ya kutambazia mmea) nimeshaisimamisha uani, sasa juu nipandishe nini? Na wengi wanakuja na picha kwenye simu za bustani za Ulaya huko. Mimi kabla sijataja mmea wowote nauliza, kivuli unakitaka mwezi gani? Maana Dodoma hapa Juni na Julai asubuhi tunaota jua na masweta, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye chai, kivuli cha nini hapo. Joto lenyewe ni Septemba mpaka mvua zishuke huko Desemba, na Oktoba jua la mchana linapita karibu na utosi kabisa, halafu ndo miezi ambayo mvua tuliiaga tangu Aprili au Mei. Kwa hiyo unatafuta mmea wenye majani ya kutosha wakati ardhi imekauka kuliko wakati wowote. Ukichuja hivyo majina mengi yanaanguka yenyewe.

Pasheni kwa mfano. Ile ya zambarau inataka ubaridi wa milimani, ya njano angalau inavumilia joto ila inakunywa maji balaa, na baada ya miaka michache inachoka unaanza upya. Kwa maji ya mgao sikushauri. Alamanda ina maua mazuri sana lakini ule utomvu wake mweupe unawasha, kama una watoto wadogo achana nayo.

Bogenvilia hiyo naiheshimu. Ikishashika mizizi haijali ukame, na kama kisima chako kina maji ya chumvi, maana visima vingi huku ndo hivyo, basi naona hiyo ndo ya kwako. Ila ina miiba, tena sio ya mchezo, na bila kuifunga na kuipunguza mara kwa mara inajitanua kama kichaka badala ya kutandaa juu. Mpira wa watoto ukiingia mle umekwisha.

Mimi nyumbani nina mzabibu na sibadilishi. Tuko kwenye mkoa wa zabibu, tunanunua zabibu za watu barabarani wakati uani kuna nguzo zimekaa tu! Lakini sikiliza hapa, mzabibu wa kivuli usiuendeshe kama wa shamba. Wakulima wa huku wanavuna mara 2 kwa mwaka, kwenye Februari na Machi halafu Agosti na Septemba, na kutoka kupogoa (kukata matawi) mpaka kuvuna ni kama miezi 4, sasa piga hesabu mwenyewe, ukitaka mavuno ya Februari au Machi inabidi upogoe Oktoba au Novemba, yaani unabaki na vijiti vitupu juu ya kichwa kwenye joto lote lile. Mimi napogoa kwa nguvu mara 1 tu, mwishoni mwa Mei. Tawi ulilokata litadondosha maji siku kadhaa, usiogope, baadaye macho, yaani vile vijicho vya kuchipulia kwenye tawi, yanavimba yanafunguka, ukifika Agosti juu kumeshafunga, na vichala navipata mwezi wa tisa. Nikishavuna sigusi kisu, nasawazisha tu zile kamba zinazoning'inia usoni. Mavuno ya pili nimeyasamehe, kivuli cha Oktoba kina thamani kuliko ndoo ya zabibu.

Mvua zikianza angalia majani, ukiona unga mweupe kama umepakwa poda huo ni ugonjwa wa ukungu unaitwa ubwiri unga, piga dawa ya salfa mapema asubuhi, kwenye jua kali salfa inaunguza majani.

Kuhusu pagola yenyewe, mbao iliyochomekwa ardhini mchwa wa huku wanaimaliza, tumia skwea paipu au mbao iliyokaa juu ya chuma kwenye zege. Ipe futi 8 kwenda juu maana vichala vinashuka. Na upande wa magharibi funga waya mmea ushuke nao, vinginevyo saa kumi jioni jua linakupiga ubavuni na kivuli kiko juu huko hakikusaidii.

Mche sio lazima kununua. Wakulima wa Mpunguzi na Hombolo wakipogoa matawi yanabaki mengi, omba pingili yenye macho 4 iliyokomaa unene wa penseli, macho 2 yaende chini ya udongo, shimo futi 2 kwa 2 na samadi iliyooza vizuri. Aina ukitaka kuchagua kwa uhakika, kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ndo kazi yao hiyo. Ila mwaka wa kwanza usitegemee kivuli, mvua zikianza chomeka madodoki au maboga pembeni yatambae kwa muda, msusa, yaani majani ya maboga, unachuma kwenye ngazi hapo hapo.