Majuu mnalipwa mkinywa chai?

Swali hili halikosi kutoka Nairobi: ni kweli sheria ya Uingereza inakupa mapumziko kazini, na mshahara unaendelea kuhesabika ukiwa umekaa? Ndugu zangu, mapumziko ni kweli. Malipo mara nyingi hakuna, na hapo ndipo maajenti wa mjini hunyamaza.

Kanuni za saa za kazi zilitungwa 1998. Ukipita saa sita kazini kwa siku, una haki ya dakika 20 mfululizo, tena uondoke mahali unapofanyia kazi. Usidhani ni dakika 20 kwa kila saa sita. Hata zamu ya saa 12 ni hizo hizo 20, labda mkataba wako uongeze. Meneja hawezi kuzisukuma mwisho wa zamu eti utoke mapema. Kulipwa au kutolipwa ni suala la mkataba.

Sasa pigeni hesabu. Tuseme nyumba ya wazee inakupangia zamu ya saa 12 na kukata saa moja ya mapumziko bila malipo. Zamu nne kwa wiki, uko pale saa 48, payslip inasoma 44. Kwa wiki nne umepungukiwa saa 16, na mkopo wa sacco uliupanga kwa 48.

Kubaya ni usiku. Mko wawili, wazee wengi, kengele zinalia. Kula huku ukisubiri kuitwa si kupumzika, kwa sababu dakika hizo hazitakiwi kukatizwa. Na kama saa iliyokatwa uliitumia kuhudumu, hiyo ni kazi. Isipolipwa inaweza kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, kilichokuita, uliyemwarifu. Jina la mgonjwa usiliweke. Kisha mtumie meneja barua pepe, maana maneno ya korido hayathibitiki. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya ajira iliamua kwamba mwajiri anayepanga kazi isiyoacha nafasi ya kupumzika amekunyima haki, hata kama hukuiomba.

Hospitali na nyumba za wazee zina ruhusa ya kusogeza mapumziko kukiwa na dharura au kazi isiyoweza kusimama, lakini lazima zikufidie kwa muda mwingine wa kupumzika. Kusogeza si kufuta.

Kati ya zamu na zamu ni saa 11. Ukitoka saa nne usiku, kurudi ni saa tatu asubuhi. Kwa wiki una saa 24 za mfululizo, au 48 kwa wiki mbili. Katika rundo la karatasi za kwanza kuna fomu ya kukubali kupita wastani wa saa 48 kwa wiki. Ni hiari. Ukiisaini unaweza kuifuta kwa notisi ya siku saba, au hadi miezi mitatu mkikubaliana hivyo, na haigusi mapumziko yako hata kidogo.

Wengi hunyamaza wakiogopa viza, kwa kuwa mwajiri ndiye mdhamini. Kisheria haki hizi hazitegemei viza, na kukufuta kazi kwa kuzidai ni kosa. Acas, shirika la umma la Uingereza linalosuluhisha migogoro ya kazi, hushauri bure kwa simu, nayo ndiyo hupitiwa kabla ya mahakama ya kazi. Usikawie, muda wa kushtaki ni mfupi.

Kwa wauguzi mnaosubiri mkataba, ulizeni saa zinazolipwa kwa wiki, si saa za zamu, na jibu lije kwa maandishi. Ama ajenti anayeuza nafasi mpya ya kulea wazee kutoka Nairobi, mrudishie fomu yake: mlango huo Uingereza iliufunga 22 Julai 2025.