“Baraza limepitisha”: namna ya kujua ushuru mpya wa meza umefika wapi

SWALI

Kamwene, na shikamoo mzee wangu. Nina meza ya viazi na kabichi kwenye soko la mji wetu, huku Nyanda za Juu Kusini. Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa soko alitukusanya asubuhi akasema baraza limepitisha ushuru wa meza upande kutoka shilingi 200 kwa siku hadi 500. Nilipomuuliza diwani wetu akasema jambo hilo bado liko kamati. Mtendaji wa kata naye anasema limeshakwenda wizarani, tusubiri tu. Nimwamini nani? Nitajuaje kwa uhakika kilichoamuliwa? Na mimi mfanyabiashara mdogo naruhusiwa kuingia kwenye kikao cha madiwani nikasikilize mwenyewe?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limenirudisha kazini. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye meza ya sekretarieti nikiandika mihutasari ya kamati na mabaraza katika halmashauri za huku kwetu, na neno hilo “limepitisha” limegombanisha watu kuliko neno lingine lolote ninalolijua. Huenda hata mmoja wa hao watatu hakudanganyi. Kila mmoja amelisikia jambo likiwa kwenye kituo fulani cha safari yake, na wote wanatumia neno lilelile.

Safari yenyewe iko hivi. Rasimu ya ushuru huandaliwa na wataalamu, yaani watu wa fedha, watu wa biashara na mwanasheria wa halmashauri. Timu ya menejimenti ya Mkurugenzi huipitia, kisha inaingia Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo hukutana kila mwezi na huongozwa na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe. (Ninyi ni mji, kwa hiyo mnaye Mwenyekiti, kama walivyo Njombe, Makambako na Mafinga. Mbeya ni jiji na Iringa ni manispaa, huko ndiko utasikia Mstahiki Meya.) Kamati ikikubali, inakuwa imependekeza tu. Pendekezo hilo linapelekwa Baraza la Madiwani, ambalo kikao chake cha kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ingekuwa ni kujenga choo cha soko kwa fedha zilizo kwenye bajeti, ukishasikia baraza limeridhia ungeweza kwenda kusubiri fundi. Ushuru hauishii hapo.

Sababu iko kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 138: kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge. Utaratibu wa halmashauri umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, nayo inaitaka halmashauri itoze kwa kutumia sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na halmashauri yenyewe. Kwa hiyo ile shilingi 200 yako haikutoka kichwani mwa mtu. Imeandikwa kwenye jedwali nyuma ya sheria ndogo ya ada na ushuru ya halmashauri yenu. Kuigeuza kuwa 500 ni kurekebisha sheria ndogo, na sheria ndogo ina njia yake: wananchi watangaziwe rasimu na wapewe nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, baraza liijadili na kuipitisha, ipelekwe juu kupitia mkoa, Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa airidhie na kuisaini, halafu itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Huko inapewa namba ya Tangazo la Serikali na mwaka. Kabla ya namba hiyo kupatikana, mkusanyaji anayekuja na mashine yake ya risiti ana mamlaka ya kudai kile kiwango cha zamani tu.

Sasa rudi kwa watu wako. Mwenyekiti wa soko huenda alisikia kuwa kamati ya fedha imekubali, au kuwa baraza limejadili. Diwani huenda anajua baraza lililirudisha kamati likafanyiwe kazi tena, na jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtendaji wa kata huenda ameona barua ya kwenda mkoani. Ukiwauliza “limepita?”, wote watajibu ndiyo au bado, nawe utarudi sokoni ulivyokuja. Waulize hivi: limeamuliwa na kikao gani, cha tarehe ngapi, ajenda namba ngapi, na maneno ya azimio yanasemaje?

Hayo maneno ya azimio naomba uyashike vizuri, maana humo ndimo kila kitu kilimo. Sisi waandishi wa vikao hatuchagui vitenzi ovyo. Ukisoma “Baraza lilipokea taarifa”, ujue halikuamua kitu, lilisikiliza. “Baraza lilijadili” nayo haijaamua. Ukiona aya imeishia hapo bila mstari wa azimio chini yake, jambo limebaki hewani. “Baraza liliagiza” maana yake Mkurugenzi amepewa kazi, kwa mfano kwenda kufanya utafiti wa viwango au kukutana na wafanyabiashara, na kazi hiyo lazima irudi na majibu. “Liliahirisha” na “lilirudisha kwenye kamati” yanajieleza yenyewe. Maneno yanayofunga ni “liliridhia”, “lilipitisha” na “liliazimia”. Hata hayo, yakihusu ushuru, tafuta maneno yanayofuata. Utakuta “liliridhia rasimu ya marekebisho ya sheria ndogo iwasilishwe kwa hatua zaidi”. Rasimu. Hatua zaidi. Hapo kinachotozwa sokoni hakijabadilika hata senti.

Nimewahi kuona kinamama wa ndizi, katika mji ambao sitautaja, wakitozwa kiwango kipya kwa karibu miezi miwili kwa sababu ya kitenzi kimoja. Mtu aliyetoka ukumbini aliripoti kuwa baraza limepitisha, mkusanyaji akaanza kazi Jumatatu yake. Muhtasari niliuandika mimi, na ulisema baraza limepokea na kuagiza wafanyabiashara washirikishwe kwanza. Mmoja wao alikuja masjala na daftari la shule, akaomba nimsomee aya ile polepole, akainakili neno kwa neno. Alikwenda nayo kwa Mkurugenzi na utozaji ukasimama siku hiyohiyo. Fedha zilizokwisha kukusanywa hazikurudi kwao. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu muhtasari ulikuwa kwenye kabati langu muda wote ule na mimi sikufikiri kwenda sokoni.

Ndiyo maana nakusihi uandike barua, tena wiki hii. Iwe fupi. Ielekeze kwa Mkurugenzi wa halmashauri, maana yeye ndiye katibu wa baraza na ndiye mtunza mihutasari. Ipitishe kwa mtendaji wa kata, nakala mpe diwani. Omba mambo mawili tu: dondoo ya muhtasari inayohusu ushuru wa meza sokoni, na namba ya Tangazo la Serikali la sheria ndogo inayotumika sasa pamoja na jedwali lake. Chapa nakala mbili. Ukifika masjala, waombe wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako, usiondoke bila huo muhuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Tarehe ya muhuri ndiyo inayoanza kuhesabu.

Pengine watakuambia muhtasari haujathibitishwa. Hilo ni kweli kabisa na halina hila ndani yake: muhtasari wa kikao huthibitishwa na kikao kinachofuata, kwa hiyo wa baraza unaweza kukaa miezi mitatu ukiwa rasimu. Lakini usikubali mambo mawili kwa pamoja. Kama muhtasari bado mchanga kiasi kwamba huwezi kuonyeshwa, utawezaje kuwa umekomaa kiasi cha kukutoza 500? Sema hivyo kwa adabu. Mtumishi anayeijua kazi yake atakuelewa.

Wakati unasubiri majibu, endelea kulipa ile 200 na kila risiti itunze. Kugoma kulipa kabisa sikushauri, maana sheria ndogo ya zamani bado ni sheria na unaweza kupelekwa mahakamani kwa hiyo. Ukidaiwa 500, muulize mkusanyaji kwa sauti ya kawaida anatoza kwa tangazo namba ngapi. Kijana wa mashine hajatunga chochote na mara nyingi hajui. Usimgombeze, mwombe akupeleke kwa msimamizi wake.

Jambo dogo ambalo hukuliuliza ila najua litakuja, kwa kuwa unauza viazi. Ushuru wa meza usiuchanganye na ushuru wa mazao, ule unaodaiwa mzigo unapotoka shambani. Huo viwango vyake vya juu vinawekwa na Bunge, na baraza la mji haliwezi kuvivuka: mwaka 2017 vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwenye vikao watu huvichanganya hivi viwili, na hoja nzuri ya meza inafia kwenye mabishano ya lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi.

Kuhusu kuingia ukumbini: ndiyo, unaruhusiwa. Kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi. Wananchi wana sehemu yao ya kukaa, waandishi wa habari nao, na huhitaji kadi wala mtu wa kukuingiza. Kuongea huruhusiwi, hata kama diwani wako anasema jambo ambalo unajua si hivyo. Baraza linaweza kujigeuza kamati kwa jambo la siri, kama nidhamu za watumishi, na hapo wageni wote mtaombwa kutoka, usione umefukuzwa. Kwenye kamati za kudumu, kama hiyo ya fedha, kwa kawaida wananchi hawakai. Tarehe ya baraza iulize kwa mtendaji wa kata au isome kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Mara nyingi kikao huchukua siku mbili: ya kwanza kusikiliza taarifa za kata, ya pili kupokea taarifa za kamati. Wewe njoo siku ya pili, na uwahi, kwa sababu “yatokanayo na kikao kilichopita” husomwa mwanzoni kabisa, na hapo ndipo utasikia Mkurugenzi akieleza ushuru wako umefikia wapi. Ukichelewa kwa sababu ya kufunga meza, utakuta wameshafika kwenye mambo ya shule na zahanati.

Lakini nikuambie ninachokiamini baada ya kukaa vikaoni miaka yote ile. Siku ya baraza umeshachelewa. Madiwani wanafika na makabrasha waliyokwisha kuyapitia kwenye kamati, na wengi msimamo wao walishauweka huko. Mahali penye nguvu kwa mtu kama wewe ni kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, mtendaji wa kata ni katibu. Wafanyabiashara wa soko mkiweka hoja yenu kwenye mkutano wa mtaa, ikaandikwa kwenye muhtasari wa mtaa, mwenyekiti wa mtaa anaibeba hadi kata, na kutoka kata inaingia kwenye taarifa ambayo diwani huisoma mbele ya baraza. Malalamiko ya mdomo humfikia diwani yakiwa maneno yake mwenyewe. Yakiwa yameandikwa mtaani na kata, anayasoma kama maneno yenu, na mwandishi wa kikao analazimika kuyaandika.

Hoja yenyewe isiwe “ushuru umekuwa mkubwa” peke yake. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi mno, na haijawahi kubadili namba. Njooni na hesabu: meza ngapi ziko sokoni, ngapi hukaa tupu siku zisizo za gulio, meza ya viazi inabakiza shilingi ngapi kwa siku mwezi wa mavuno na shilingi ngapi mwezi wa njaa. Kisha ulizeni swali ambalo madiwani wenyewe hulipenda: fedha za soko hili mwaka jana zilikuwa kiasi gani, na zilizorudi sokoni ni kiasi gani? Nimeona baraza likikubali kiwango kipande kwa nusu ya kilichoombwa, kwa sharti kwamba paa na mfereji vitengenezwe kwanza, na wafanyabiashara wakaridhika.

Hilo la pingamizi nalo usiliache. Waulize wenzako kama kuna aliyeona tangazo la rasimu popote: kwenye ubao wa soko, ofisi ya kata, au kutangazwa kwa kipaza sauti. Kama hakuna, liandike hilo kwenye barua kama aya ya tatu, ukiomba kuonyeshwa lini na wapi wananchi walialikwa kutoa maoni. Mwanasheria wa halmashauri atalisoma kwa makini, kwa sababu wizarani nako wataliuliza.

Dondoo ikishakufikia, ninakilie maneno ya azimio kama yalivyo, hata kama ni mstari mmoja, nikuambie yanabeba nini.