Moyo hupumzika, tena zaidi ya unavyofanya kazi: jibu refu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza mambo mawili, na wachangiaji waliotangulia wameyajibu kana kwamba hayahusiani. La kwanza: inawezekanaje msuli ufanye kazi tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake hadi anazikwa, bila kupumzika hata mara moja? La pili: ikiwa moyo umejaa damu muda wote, kwa nini kamshipa kamoja kakiziba mtu anapata mshtuko wa moyo? Kazi yangu ni kupima mioyo kwa mawimbi ya sauti, kile kipimo ambacho wagonjwa wengi wanakiita eko, kwa hiyo moyo unaopiga ndio ninaoutazama kutwa nzima. Kwa mtazamo wangu maswali yako mawili yana jibu moja, nalo liko kwenye ule muda ambao moyo haupigi.

Kwanza tumalize ubishi wa huko juu kuhusu mahali ulipo. Moyo uko katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, baina ya mapafu mawili, ukiwa umekalia kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Umelala mshazari, ncha ikielekea chini kushoto, ndiyo maana kama theluthi mbili zake ziko upande wa kushoto na mapigo unayasikia huko. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama gramu 250 hadi 350, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Wanaouliza kwa nini tunawalaza kwa ubavu wa kushoto wakati wa kipimo, sababu ni hiyo: ukilala hivyo moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na pafu linapisha njia. Mawimbi ya sauti hayapiti vizuri kwenye hewa, na pafu ni hewa tupu.

Vyumba ni vinne. Viwili vya juu ni atiria, viwili vya chini ni ventrikali. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka kuzunguka mwili na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto unapokea damu iliyotoka mapafuni ikiwa na oksijeni na kuisukuma kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Kuna mdau kaandika kwamba upande wa kushoto husukuma damu nyingi zaidi ndiyo maana ni mnene. Hapana. Pande zote mbili husukuma kiasi kilekile, takriban lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Haiwezekani iwe vinginevyo, kwa sababu damu yote inayotoka kulia lazima ipite kushoto. Kulia kukizidi hata kwa kijiko kwa kila pigo, baada ya muda mfupi mapafu yangefurika. Kinachotofautiana ni presha. Ventrikali ya kulia inasukuma kwa presha ya kama 25 tu kwa sababu mapafu yako jirani na mishipa yake ni laini. Ya kushoto inafika 120 kwa mtu mwenye presha ya kawaida, kwa kuwa lazima ifikishe damu kichwani na kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ukuta wa kushoto una unene wa karibu sentimita moja, na wa kulia ni kama theluthi yake.

Sasa turudi kwenye kupumzika.

Mchukue mtu aliyetulia mwenye mapigo 75 kwa dakika. Kila pigo lina sekunde 0.8. Ndani ya hizo, ventrikali zinasinyaa kwa kama sekunde 0.3. Sekunde 0.5 zilizobaki zimelegea na zinajaa damu. Piga hesabu ya siku nzima: zinasukuma kwa saa kama 9 na zimelegea kwa saa kama 15. Ni wafanyakazi wachache wenye ratiba nzuri kama hiyo. Ujanja wa moyo ni kwamba mapumziko yake umeyakata vipande vidogo vidogo na kuyasambaza kati ya pigo na pigo, badala ya kuyarundika usiku.

Hata masikio yanaweza kukuthibitishia. Ukimsikiliza mtu kifuani unasikia sauti mbili, kisha kimya, kisha mbili tena. Sauti hizo hutokea vali, yaani vilango vya kupitishia damu upande mmoja, zinapofunga. Ya kwanza ni vali zilizo kati ya atiria na ventrikali, mitrali upande wa kushoto na trikuspidi upande wa kulia, zikifunga mwanzoni mwa kusukuma. Ya pili ni vali za aota na ateri ya mapafu zikifunga mwishoni. Kwa hiyo kati ya sauti ya kwanza na ya pili moyo unasukuma, na kile kimya kirefu kinachofuata ni ventrikali zikijaa. Mtu akiwa ametulia, kimya hicho ni kirefu kuliko pengo lililotangulia.

Niseme kidogo kuhusu mitrali, maana ndiyo vali ninayoipenda kuitazama. Ina majani mawili tu wakati zile nyingine tatu zina matatu matatu, na kingo zake zimefungwa na nyuzi nyembamba zinazoshuka hadi kwenye vinundu vya msuli ndani ya ventrikali, mfano wa kamba za parachuti. Ventrikali ikisinyaa, vinundu hivyo navyo vinasinyaa na kuzikaza nyuzi, ili presha yote ile isiyapindue majani kuelekea juu. Uzi mmoja ukikatika, kwenye skrini unaona jani linapepea ndani ya atiria na damu inarudi nyuma kila pigo.

Kulegea kwenyewe si kulala. Madaktari wa kale waliomfuata Galen, tabibu wa Kigiriki, waliamini kwamba moyo hufanya kazi unapotanuka, kwamba unavuta damu. William Harvey, daktari Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1628, akaonyesha kwamba kazi iko kwenye kusinyaa, na kwamba damu inazunguka badala ya kutengenezwa upya kila mara. Alikuwa sahihi, lakini kutanuka nako si bure. Chembe ya msuli wa moyo husinyaa kalsiamu inapomiminika ndani yake, na ili ilegee lazima kalsiamu hiyo isukumwe irudi ghalani. Kazi hiyo inatumia nishati. Matokeo yake ni kwamba msuli uliopungukiwa damu huanza kushindwa kulegea kabla haujashindwa kusinyaa.

Hapa ndipo ninapokutana na ndugu wa wagonjwa wenye hasira. Wanashika ripoti iliyoandikwa EF asilimia 60, wamesoma mtandaoni kwamba hiyo ni nzuri, na mzee wao hawezi kupanda ngazi, miguu imevimba, usiku analala kwa mito mitatu. Wanadhani mashine imekosea. EF ni sehemu ya damu inayotolewa na ventrikali kwa kila pigo. Kwa kawaida ikijaa mililita 120 hivi, inatoa kama 70, na zinazobaki hubaki humo. Kwa hiyo asilimia 58 au 60 ni salama kabisa, hakuna moyo unaotoa asilimia 100. Lakini namba hiyo inazungumzia kusukuma, haisemi lolote kuhusu kujaa. Mtu aliyekaa na presha ya kupanda kwa miaka, ukuta wa ventrikali unanenepa na kukakamaa. Unasukuma vizuri tu, ila haulegei. Damu inapanga foleni kwenye atiria ya kushoto, presha inarudi mapafuni, na mzee anahema. Kushindwa kwa moyo kwa namna hiyo ni jambo la kawaida sana, hasa kwa wazee na hasa wanawake, na binafsi naona tumewafundisha watu kuiabudu EF kupita kiasi.

Kujaa kwenyewe hufanyika kwa awamu mbili, na kwenye skrini naziona kama vilima viwili tunavyoviita E na A. Kilima E ni damu inayoingia yenyewe mara tu mitrali inapofunguka. Hiyo ndiyo sehemu kubwa. Kilima A ni atiria ikisinyaa dakika za mwisho kuongeza kilichobaki, kama robo hivi. Kwa kijana E ni kirefu kuliko A. Umri ukisogea, E kinafupika na A kinapanda, ishara kwamba ventrikali imeanza ukaidi na atiria inabeba mzigo. Ndiyo maana mtu mwenye ventrikali iliyokakamaa akipata ule ugonjwa wa atiria kutetemeka ovyo bila mpangilio, hali inaweza kubadilika siku hiyohiyo: ile robo imepotea.

Ili atiria iweze kumaliza kujaza kabla ventrikali haijaanza, kuna kituo cha kuchelewesha umeme. Cheche ya kila pigo huanzia juu ya atiria ya kulia, kwenye fundo dogo lililoelezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Inasambaa kwenye atiria, halafu inafika kwenye fundo la pili ambalo Sunao Tawara alilieleza mwaka 1906, na hapo inazuiwa kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndipo iachiwe ishuke kwenye ventrikali. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ucheleweshaji huo ni ule mstari mfupi ulionyooka kabla ya mlima mrefu. Na kwa mdau aliyeuliza kama ubongo ndio unaoamrisha mapigo: ubongo unaongeza au kupunguza kasi, hauanzishi. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zote na bado unapiga, tena kwa kasi ya kama 90 hadi 100 mtu akiwa amekaa, kwa sababu ile neva inayouzuia haipo.

Sasa swali lako la pili. Damu iliyomo ndani ya vyumba hailishi ukuta, ukiacha tabaka jembamba sana la ndani. Ukuta ni mnene mno, na damu inapita haraka. Moyo una mishipa yake, ateri za koronari, mbili, zinazochipuka kwenye aota hatua chache tu juu ya vali yake. Ya kushoto inagawanyika: tawi moja linashuka mbele, jingine linazunguka nyuma. Ya kulia inalisha zaidi upande wa kulia na, kwa watu wengi, sehemu ya chini ya moyo. Kila tawi lina eneo lake, na likiziba ghafla majirani hawana njia pana za kulisaidia. Eneo lile linaanza kufa huku vyumba vimejaa damu pomoni.

Lakini kuna jambo la ajabu zaidi. Ventrikali ya kushoto inaposinyaa inaibana mishipa inayopita ndani ya ukuta wake mwenyewe, na damu karibu isimame humo, hasa kwenye tabaka za ndani. Viungo vingine vyote hupata damu nyingi moyo unaposukuma. Ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya mgao wake unapolegea. Ule muda wa kimya ndio muda wake wa kula.

Unganisha hilo na hili: misuli ya moyo huchukua kama asilimia 70 ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoifikia hata mtu akiwa amekaa, wakati mwili kwa jumla unachukua kama robo tu. Hakuna akiba ya kukamua. Moyo ukihitaji zaidi, njia ni moja: damu zaidi ipite. Halafu kumbuka kwamba mapigo yakipanda, muda wa kusinyaa unafupika kidogo, ila wa kulegea unafupika sana. Kwa hiyo anayekimbia anaongeza mahitaji na kupunguza muda wa kulishwa kwa wakati mmoja. Mishipa mizima inatanuka na kufidia. Iliyopungua upenyo kwa mafuta inashindwa, na mtu anasikia kifua kinabanwa akipanda mlima, akisimama kinaachia.

Wagonjwa wengi huniuliza kwa nini mtu mwenye moyo dhaifu apewe dawa ya kupunguza mapigo, si ndiyo kuudhoofisha? Jibu ni hizo aya mbili za juu. Dawa hizo, pamoja na mengine, zinaurudishia moyo muda wa kujaa na kulishwa. Usiziache wala kuzianza bila daktari wako, maana zina masharti yake.

Mwisho ni yule aliyesema mazoezi yanamaliza mapigo tuliyopangiwa. Tuchukulie kwa hoja tu kwamba kweli yangekuwa na idadi. Asiyefanya mazoezi, mapigo 70 kwa dakika, anatumia 100,800 kwa siku. Anayefanya saa moja kwa mapigo 140 anatumia 8,400 saa hiyo, lakini saa 23 zilizobaki moyo wake uliozoea unapiga 55, yaani 75,900. Jumla 84,300. Hata kwa hesabu zako mwenyewe, mkuu, anayekimbia ndiye anayebana matumizi.