Anzeni na Shamba Lililo Nyuma ya Chuo

Ninafundisha Kiswahili katika chuo kidogo Uganda ya kati. Idara zetu nyingi zina walimu wawili au watatu. Wahadhiri wengi wa vyuo kama chetu huamini kwamba utafiti ni kazi ya Makerere, kwenye maabara, ruzuku na wanafunzi wa uzamivu. Mimi naona udogo wetu unatupa kitu ambacho vyuo vikubwa hukitafuta kwa shida: mwalimu wa kilimo, wa uchumi, wa dini na mimi wa lugha tunakunywa chai ya saa nne meza moja.

Basi ushauri wangu kwa walimu wa vyuo vidogo wanaotaka kutafiti pamoja ni huu: tafuteni kwanza tatizo la majirani zenu, nadharia itafuata. Sisi tulichagua mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa huku wanauita kiwotoka. Ulitambuliwa nchini mwaka 2001, wilayani Mukono. Unaletwa na bakteria. Wadudu wanaotua kwenye lile ua linaloning'inia chini ya mkungu huwahamisha, na panga lililokata mgomba mgonjwa huwapeleka kwa mzima. Mwenzetu wa kilimo alikuwa na majibu yote: livunje ua kwa kijiti chenye panda mara tu chane za mwisho zinapotokea, pitisha panga motoni au lisafishe kwa jiki, ondoa mapema shina lililougua. Kwake hapakuwa na la kutafiti tena. Mwalimu wa uchumi ndiye aliyeuliza: ikiwa kinga haina gharama kubwa, mbona mashamba bado yananyauka?

Swali hilo lisingetoka ndani ya idara moja, na jibu lake pia lilitawanyika. Kayinja, ndizi ya pombe, huambukizwa kwa urahisi, lakini ndiyo inayoachwa ijiotee bila matunzo. Wako wakulima waliotuambia kwamba ukivunja ua, juisi haiwi nzuri. Wengine hawana nguvu za kupita mgomba kwa mgomba, hasa wajane na wazee, kwa hiyo humwita kibarua, naye hutoka shamba hili kwenda lile na panga lake lile lile. Unaweza kumfundisha mwenye shamba usafi wa panga mwaka mzima, na mwenye panga asiwepo darasani hata mara moja. Mwalimu wa dini ndiye aliyejua wazee wa kuongea nao na siku ya kuwapata. Kazi yangu ilikuwa hojaji. Ukimuuliza mtu, "Je, shamba lako lina ugonjwa?" atakataa, kwa sababu anaogopa migomba yake itafyekwa. Tukawaomba watusimulie kazi walizofanya shambani tangu mvua zilizopita, na ugonjwa ukajitokeza wenyewe katika masimulizi.

Jambo la majina msiliahirishe. Walimu wa sayansi wamezoea makala yenye waandishi wengi, na nafasi ya kila jina ina maana yake. Sisi wa lugha na historia tumezoea kuandika peke yetu. Kabla ya kwenda shambani, andikeni karatasi moja inayosema nani ataandika nini, nani atatangulia, na data zitakaa kwa nani mtu akihama chuo. Urafiki mzuri huvunjikia hapa, na inauma.

Vibali navyo vianze mapema. Utafiti unaohusu watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Chuo kisicho na kamati yake huomba kwa taasisi nyingine. Majina na namba za simu za wakulima yatunzeni, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Na hata mkiwa na mihuri yote, anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kijiji ni chake.

Kuhusu kusoma kazi za wengine, mfuateni mkutubi. Kupitia mpango wa Research4Life, taasisi za Uganda hupata majarida mengi bila malipo, ya kilimo kwenye AGORA na ya afya kwenye Hinari. Mkuu wa taaluma naye mwombeni alasiri moja ya wiki ambayo kikundi kizima hakina kipindi. Mimi naithamini kuliko fedha ndogo ndogo, kwa sababu bila muda wa pamoja kila mtu hurudi kwenye kusahihisha mitihani.

Matokeo yapelekeni kijijini kabla hayajafika kwenye jarida, na vibarua waalikwe pamoja na wenye mashamba. Wakulima watawasahihisha, na masahihisho hayo yaingie kwenye makala. Jarida lichagueni kwa kusoma matoleo yake ya nyuma. Likiwaahidi kuchapisha ndani ya siku chache mradi mlipe, achaneni nalo, hata kama tarehe ya kupandishwa cheo imekaribia.