Tini mbichi, lakini mbichi ipi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, tini mbichi huliwa pamoja na ganda lake, au humenywa kwanza?" Nilikusudia kujibu kwa neno moja, kwamba haimenywi, kisha niendelee na shughuli zangu. Lakini neno la tatu la swali lenu lilinishika nikashindwa kulipita, kwa kuwa ni neno hilohilo, "mbichi", lililowahi kuniunguza mikono na kuniaibisha mbele ya wageni wa shangazi yangu. Mniwie radhi, basi, nikianza na hilo kabla ya kufika kwenye ganda.

Lugha yetu imelitwisha neno hili mizigo miwili. Samaki mbichi ni yule ambaye hajakaushwa wala kupikwa, ilhali ndizi mbichi ni ile ambayo haijaiva. Kwa matunda mengi utata huu hauna madhara makubwa, maana ndizi iliyokatwa ikiwa ngumu huivia ndani ya nyumba, ukiwa na subira. Tini haina desturi hiyo. Ikishaachana na kikonyo chake inaweza kulegea kidogo, lakini utamu iliokuwa nao saa ile ya kuchumwa ndio utakaokuwa nao mpaka mwisho. Tini huivia mtini, na msomaji achague mwenyewe kama hapo nimetaja jina la mti au nimesema juu ya mti, kwa sababu maana zote mbili ni za kweli.

Nilikuwa na umri wa miaka 9. Shangazi alikuwa na mtini mmoja nyuma ya nyumba, na siku hiyo alitarajia wageni watano. Akaniita, akanipa kikapu, akasema: "Nenda kachume tini, leo nataka kuwapa mbichi, wamechoka na hizi kavu." Nilimwelewa kwa namna ambayo mtoto yeyote mtiifu angemwelewa. Nilipanda nikachagua zile za kijani, ngumu, zilizosimama wima juu ya matawi, na kila nilipoivuta moja ilikataa, ikang'oka kwa nguvu, na utomvu mweupe kama maziwa ukanitiririka viganjani na mpaka viwikoni. Zilikuwapo nyingine, chache, zilizoinamisha shingo kama mtu anayesinzia, zimekunjamana na kupasuka ngozi, na chini yake, kwenye kile kitundu tunachokiita jicho, limening'inia tone zito linalong'aa, huku sisimizi wakilizunguka. Hizo niliziacha kwa makusudi. Niliamini zimeoza.

Nilirudi na tini 42, nilizihesabu kwa fahari. Shangazi aliichukua moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaitazama sehemu ya kikonyo iliyokuwa bado inatoa utomvu, akanyamaza. Kisha akasema, "Nilikuambia mbichi." Nami nikamjibu bila kusita, "Ndizo hizi, shangazi, ni mbichi kabisa." Hakunigombeza. Alitoka mwenyewe, akarudi na tini 6, zilezile nilizozidharau, akazipangusa sisimizi, akazipasua katikati kwa kisu, akazipanga kwenye sahani zikiwa na ganda lake, uso mwekundu wa ndani ukiangalia juu. Wageni watano, tini 6. Mmoja wao akaanza kuibandua ya kwake kwa ukucha, taratibu, utepe baada ya utepe, na nyama nyeupe iliyoshikamana na ganda ikaondoka nayo, mpaka akabaki na kijidonge cha mbegu kisichojaza kijiko. Nilimwona shangazi akiziangalia tepe zile pembeni mwa sahani. Nadhani msimamo wangu kuhusu swali lenu ulizaliwa dakika ile, wala haukuzaliwa kwa hoja yoyote.

Kikapu changu alikiweka dirishani kwa siku nne, ili nijionee. Tini zile hazikuiva, zilinywea tu, zikawa na mguso wa sifongo na ladha ya majani. Shangazi, aliyekuwa akisoma Biblia kila asubuhi, alikiita "kikapu cha pili cha Yeremia", kwa kuwa katika sura ya 24 nabii huyo anaonyeshwa vikapu viwili, kimoja cha tini nzuri sana na kingine cha tini mbaya zisizoweza kuliwa. Hatimaye alizichemsha, akamwaga maji, akazichemsha tena, kisha akazipika polepole katika shira, na kusema kweli zililika. Mikono yangu haikupata suluhisho la haraka namna hiyo. Utomvu wa mtini una kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza, nami nilicheza nje alasiri nzima bila kunawa. Siku ya pili nilikuwa na wekundu na malengelenge, na mabaka meusi yaliyofuata yalikaa wiki kadhaa. Anayechuma tini avae mikono mirefu, au angalau anawe kwa sabuni kabla ya kwenda juani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kuhusu ganda, muulizeni mlaji aliichagua vipi. Rangi isimdanganye, kwani zipo aina, kama Kadota, zinazoiva zikiwa za kijani kinachoelekea manjano, na zipo, kama Black Mission, zinazoiva zikiwa nyeusi kabisa. Aangalie shingo, ambayo hulegea. Aipime kwa uzito, kwa sababu tini iliyoiva ni nzito kuliko inavyoonekana. Asiogope mipasuko midogo wala tone kwenye jicho. Halafu ainuse. Ikinukia asali, ni njema. Ikinukia siki, imekwisha kuchachuka, na hapo hakuna kumenya kutakakoiokoa. Akifika nyumbani azitandaze safu moja kwenye jokofu bila kuzirundika, azioshe wakati wa kula tu, na azile ndani ya siku mbili au tatu, baada ya kuziacha nje kidogo ili baridi iziachie harufu.

Sasa ganda. Kwa wataalamu wa mimea, tini si tunda la kawaida bali ni mfuko uliofungwa wenye mamia ya maua yaliyochanua kwa ndani, na kile tunachokitafuna kikilia ni vijitunda vyake vidogo. (Najua kuna msomaji atakayeandika kuhusu nyigu anayeingia ndani ya tini kuyachavusha maua hayo, akafia humo. Aina nyingi zinazouzwa mbichi hazihitaji kuchavushwa, na katika zile zinazohitaji, mdudu huyo ni mdogo mno na vimeng'enya vya tini, yaani kemikali zake za kuvunja protini, humvunja kwa sehemu kubwa.) Ukuta wa mfuko huo, yaani ngozi pamoja na ile nyama nyeupe, ndio unaoushikilia utamu usimwagike, na una uchungu mdogo unaoufanya utamu wenyewe usichoshe. Anayemenya huondoa karibu kila mara zaidi ya alichokusudia. Jikoni hali ni hiyohiyo: tini iliyokatwa nusu na kuokwa kwa dakika 10 au 15, imenyunyiziwa asali kidogo, huhitaji ganda lake ili isigeuke uji. Nyongeza kwa wapenda vitindamlo: jelatini yenye tini isiyopikwa haigandi, kwa kuwa kimeng'enya cha tini kiitwacho fisini huvunja protini ya jelatini hiyo, basi tini ipikwe kwanza.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika kwamba kumenya tini ni kuikosea heshima, na sentensi hiyo niliiandika, kisha nikaifuta. Nimeifuta kwa sababu mwezi uliopita nilimenya tini kwa mikono yangu mwenyewe, na sikujiona mkosaji. Ziko aina zenye ganda nene linalokataa kutafunika, ziko zilizopitia mikono mingi mpaka usafi wake unatia shaka, na wako watu ambao midomo yao huwasha wakigusa ganda. Hukumu yangu, basi, ikiwa mnaitaka kwa ufupi: isimenywe, isipokuwa panapo sababu kati ya hizo, na msisitizo wangu wa mwanzo mpunguze kwa kiasi mtakachoona kinafaa, maana naona nimeanza na neno moja na nimeishia na masharti matatu.

Aliyenifanya nimenye ni shangazi. Siku hizi meno yaliyobaki ni machache, na nilipompelekea tini kadhaa katika bakuli aliinua moja kwanza, akaitikisa kwa kikonyo aone kama shingo inalegea, akaibonyeza kwa kidole gumba kilekile, ndipo akanirudishia. "Hii umeichuma vizuri," akasema. "Haya, nimenyee." Nikambandulia polepole, nikijitahidi nyama nyeupe ibaki upande wake, nikampa.

Ganda nililila mimi.